Kinanda Kisicho na Kumbukumbu

Hotelini walimwita Bi Nyoosha, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Mpe chumba ambacho wageni wamekiacha kama paka wamepigana ndani yake, na muda si mrefu utakuta shuka halina mkunjo, vikombe vimegeuza mikono upande mmoja, rimoti imelala sambamba na ukingo wa meza, na mabomba ya sinki yote mawili yametazama mbele. Msimamizi wake alikuwa na sheria moja tu: kitu kisikae upande. Sheria hiyo ilimwingia mikononi ikaganda. Alipokwenda kwa watu aliwanyooshea vitambaa vya meza huku mdomo wake unazungumza habari nyingine kabisa. Walimcheka, naye alijicheka. Mazoea yana taabu, lakini taabu yenyewe haimwambii mtu itamkuta wapi.

Nyumbani aliishi na baba yake, wawili tu. Mama alikwisha kufariki, na kaka yake, kifungua mimba wa nyumba ile, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akipiga simu kila alipobahatika kupata mtandao. Baba alikuwa mpiga kinanda. Si wa kujipigia sebuleni, la, wa bendi, tena bendi iliyojaza kumbi mpaka watu wakachungulia madirishani. Lakini kinanda chake mwenyewe hakuwahi kuwa nacho. Vyombo vyote vilikuwa vya bosi wa bendi. Dansi likiisha vinafungiwa stoo na ufunguo unaingia mfukoni mwa bosi. Bendi ilipovunjika, bosi aliuza kila kitu, hata viti, na Mzee akabaki na vidole vyake. Akaenda kuuza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi mpaka akastaafu.

"Mimi nilikuwa kama dereva wa teksi ya mtu," alizoea kusema. "Naijua gari kuliko mwenye nayo, lakini jioni narudi kwa miguu."

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari alimvuta binti pembeni koridoni akamweleza kwamba dawa zitasaidia kiasi. Neno hilo, kiasi, alirudi nalo nyumbani. Yeye aliyejua dawa ya kila doa, la damu, la wino, la mafuta, hapa hakuwa na la kufanya. Basi akafanya lile alilolimudu. Alikuwa na akiba ya kununulia mashine ya kufulia, maana mtu anayeshinda akishughulikia mashuka ya wageni kwa mashine alikuwa bado anafua ya kwake kwa mkono. Akamuuliza baba yake, "Baba, kuna kitu chochote unakitamani?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Sinthesaiza. Ya zamani, ya analogi, kama ile ya bosi."

Ikabidi amweleze, na alieleza kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka kuulizwa. Vinanda vya siku hizi vina milio iliyokwisha kupikwa, unachagua tu. Ile ya zamani haina mlio wowote ndani yake. Ina umeme, na ina nobu usoni, vile viduara vya kuzungusha kama cha volumu ya redio, nyingi. Wewe ndiye unayezungusha, hii kidogo, ile zaidi, mpaka umeme ulie unavyotaka wewe. Naye enzi za bendi alikuwa na mlio wake, alioutafuta mwenyewe, ambao hakuna mpigaji mwingine aliyeupata.

"Mama yako alikuwa akiusikia huo anaacha soda mezani anakuja mbele kucheza. Anaiacha na aliyemnunulia."

"Nani aliyemnunulia?"

"Mjinga fulani," alisema Mzee, akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Nataka niusikie mara moja tena kabla..."

Wakaenda kwa fundi wa redio na vipaza sauti, bwana mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Kwenye chumba cha nyuma cha karakana yake kulikuwa na sinthesaiza tatu za zamani alizozinunua mbovu akazifufua. Fundi alipoona wageni wake si wa kupita tu, alifuta viti.

"Shikamoo, Mzee. Hiki cha kwanza chenye mbao ubavuni usiniulize bei, utanidondokea hapa hapa nianze kuhangaika na wewe."

"Marahaba. Twende cha pili."

"Cha pili kina kumbukumbu. Ukipata mlio wako unabonyeza hapa, kinauhifadhi. Kesho unabonyeza tena, unarudi kama ulivyokuwa. Bei nimeishusha, na sababu nakwambia ukweli: ndani kuna vipuri ambavyo havitengenezwi tena duniani. Viwili vimeshaanza kusuasua. Vikifa, mna meza ya kuwekea chai."

"Na hiki?"

Hiki kilikuwa kidogo, cheusi, kimechubuka pembeni, na nobu zimejipanga usoni kwa safu. "Hiki hakina makuu. Kinalia noti moja tu kwa wakati mmoja, ukibonyeza mbili kinachagua mwenyewe. Kikiwa baridi noti zinayumba, mpaka ukiwashe mapema kipate joto. Kumbukumbu hakina. Lakini kila kilichomo ndani nakibadilisha kwa vipuri vya redio. Mtu anayenunua kinanda kwa mara ya kwanza, na mfuko wenyewe ni wa kubana, anunue kinachotengenezeka, asinunue kinachopendeza."

Binti alikuwa bado anakitazama cha pili. Bei yake na ya kile cheusi hazikupishana sana. "Baba, si bora hiki chenye kumbukumbu?"

"Mwanangu, hicho ni kigonjwa," alisema Mzee. "Wagonjwa wawili nyumba moja utatuweza?"

Wakacheka wote watatu. Binti alicheka huku mzaha ule ukimchoma, akaona aibu kubishana. Akauliza tu, "Sasa mlio wako ukiupata utauweka wapi?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Unakaa kwenye nobu zenyewe, dada. Zikibaki zilivyoachwa, hata ukizima umeme mlio upo. Wengine hupiga picha wajue kila nobu imesimama wapi."

"Mlio wenyewe haujapatikana, tunapiga picha ya nini?" Mzee alisema, na vidole vyake vilikuwa tayari vimeshafika kwenye kile cheusi. Akabonyeza kibonyezo kimoja, akakishikilia, akafumba macho. Hapo biashara ilikwisha.

Kinanda kikawekwa sebuleni, kwenye meza ya chini ya dirisha. Nyumba ikakosa amani, lakini kwa ukosefu wa amani ulio mzuri. Kulitoka mlio wa mbuzi mwenye mafua. Kulitoka mlio wa mlango unaodai mafuta. Jirani aliuliza kwa adabu zote kama Mzee amefungua karakana ya pikipiki. Mzee hakujali, alizungusha hii, akarudisha ile, akatikisa kichwa. Binti alirudi kutoka kazini amechoka, akampimia dawa, kisha akamtumia kaka yake ujumbe wa sauti kumpa hali ya mgonjwa, na nyuma yake kinanda kikinung'unika.

Siku moja ya mapumziko alikuwa uani anafua. Ndani ya nyumba ukatoka mlio ambao hakuwahi kuusikia, akajikuta amesimama. Ulianza kwa chini, wa mviringo, ukafunguka taratibu kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha mwishoni ukatetemeka kidogo kabla ya kunyamaza. Aliingia ndani na shati mkononi likimdondoshea maji miguuni. Mzee hakugeuka.

"Ndio huo," alisema. "Ndio huo, mwanangu. Ndio wenyewe."

Akapiga wimbo mzima, noti moja moja, na binti akamwona mama yake akiacha soda mezani. Aliona furaha, na ndani ya furaha ile hofu, maana kilichokuwa kikingojwa kimekwisha kufika.

"Nipige picha ya nobu, Baba?"

"Kesho. Nipishe nipige. Na asiguse mtu hapa."

Kesho yake Mzee alikuwa anapiga, na kesho kutwa binti alikuwa zamu. Halafu dawa ikaongezwa, halafu hotelini kukajaa wageni wa mkutano. Picha haikukataliwa na mtu. Ilikuwa tu ya kesho.

Mzee alikwenda asubuhi, kwenye kiti chake, chai yake ikiwa bado ya moto. Hakuita wala hakuhangaika. Binti alimgusa bega kumuuliza kuhusu mkate, akajua.

Shangazi, dada yake Mzee, ndiye aliyefika wa kwanza, na baada ya kulia kilio chake alifunga kanga kiunoni. "Watu wanakuja, mwanangu. Sebule iwe sebule."

Kulia kulimshinda binti. Kilio kilikuwepo, kimemjaa kifuani, lakini hakikujua njia ya kutokea. Kitambaa cha kufutia vumbi kilikuwepo pia, na chenyewe njia yake kilikuwa kinaijua. Akafuta dirisha. Akafuta meza, picha za ukutani, mikono ya kiti ambacho baba yake alikuwa ametoka kuondolewa. Vikombe akavigeuza mikono upande mmoja. Redio akaisogeza isawazike na ukingo wa kabati. Kazi ikamtuliza, kama ilivyomtuliza siku zote, na macho yake hayakuwa pale hata kidogo. Yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha baba. Mikono iliendelea yenyewe.

"Umepapendezesha, mwanangu," alisema shangazi. "Mungu akupe nguvu."

Kaka alifika, wakazika, kaka akarudi barabarani kwa kuwa lori halina msiba. Watu walipopungua akaja fundi. Alikaa ukingoni mwa kiti na kofia yake magotini.

"Mzee alinipigia simu," alisema. "Akaniambia, fundi, nimeupata, njoo usikie. Nikamwambia nitakuja. Sikuwahi. Naomba niusikie, kama haitakuwa vibaya."

Haikuwa vibaya hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uingie kwa binti kutamani jambo lolote. Alikiwasha kinanda, akawaeleza kwamba kinatakiwa kipate joto kwanza, akaeleza kwa fahari kama Mzee mwenyewe. Shangazi akasogeza kiti. Kisha binti akabonyeza.

Kikatoka mlio bapa, mkavu, kama wa friji. Akabonyeza tena. Friji.

Fundi alisimama akainama. Alitazama safu ya juu, akatazama safu ya chini, akavua miwani, akaivaa. "Dada," alisema polepole, "hizi nobu zote zimetazama juu. Zote. Mzee aliziacha hivi?"

Binti alikuwa anaitazama mikono yake. Nobu zilikuwa zimenyooka sawasawa, safi, zinang'aa, hakuna hata moja iliyokaa upande.

"Si mzizungushe tu zirudi?" aliuliza shangazi. "Mbona mnanyamaza?"

Fundi alijaribu. Alikaa pale akazungusha hii na ile, na binti akimwambia, chini kidogo, hapana, ulikuwa unafunguka, hapana, sasa umezidi. Mara moja walikaribia kiasi cha shangazi kushika mdomo. Lakini haukuwa wenyewe; ulifanana nao kama binamu anavyofanana na mtu, na ukimtazama zaidi humwoni uliyemtafuta. Fundi aliondoka akiomba samahani, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya. Shangazi alisema maji yakimwagika hayazoleki, alisema kwa wema, na binti akaichukia methali ile na aliyeitunga. Hapo ndipo kilio kikapata njia.

Jioni alimpigia kaka yake, akamweleza bila kujitetea. Alitamani atukanwe. Upande wa pili kulisikika tu ngurumo ya injini, kisha ikazimwa.

"Subiri," alisema kaka. "Ule ujumbe wa sauti ulionitumia, wa dawa mpya. Nilimsikia Mzee anapiga nyuma yako. Unao?"

Hakuwa nao. Simu yake aliisafisha kila Jumapili, akafuta ujumbe wote.

"Mimi ninao. Nakutumia sasa hivi."

Alikaa kwenye kiti cha Mzee, mbele ya kinanda, mkono mmoja juu ya nobu ya kwanza. Hata kipande kidogo kingetosha. Angeusikiliza hata mara elfu, angezungusha mpaka uzee umkute hapo, lakini angeupata. Ujumbe ukafika, akaufungua, akaiweka simu sikioni.

"Kaka, hujambo. Daktari kaongeza kidonge kimoja, cha asubuhi, kile cheupe..." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kubwa, imejaa kila mahali. Na chini yake, mbali, ukaanza ule mlio, wa mviringo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Akaibana simu sikioni. Mlio ukaanza kufunguka.

"Baba, hebu punguza kidogo, naongea."

Mzee hakupunguza, aliacha kabisa. "Haya, mwanangu," alisikika akisema.

Baada ya hapo ilikuwa ni sauti yake peke yake, akieleza vidonge, kimoja kimoja, mpaka ujumbe ukaisha.