Nyumba Haiachwi Tupu

Nyumba yetu ya Bofu ni yetu, ila ardhi iliyo chini yake si yetu. Babu alipewa kiwanja na mwenye shamba kwa sharti moja: ajenge kwa miti na udongo, nyumba ambayo siku akiambiwa ahame itakuwa rahisi kubomoa. Akajenga, akafurahi, akazaa.

Mama yangu hakufurahi. Siku moja jamaa wote walikwenda mazikoni Kwale, na waliporudi walikuta msimamizi wa mwenye shamba ameng'oa mlango, anasema nyumba imehamwa. Walimbembeleza wiki nzima ndipo akaurudisha. Tangu hapo mama akaweka amri: nyumba haiachwi tupu, hata saa moja. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo linanichekesha na kuniudhi. Alijenga ukuta wa mawe ndani ya ule wa udongo, polepole, mwaka hadi mwaka, ili msimamizi akipita nje aendelee kuona udongo. Tukapata nyumba imara inayobana. Chumbani kwangu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.

Harusi yangu ilikuwa Kisauni, na mama hakuja. Alibaki kulinda. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi, wala sioni haya kusema. Kaka yangu alierevuka mapema: alipata kazi bandarini, akapanga Changamwe, na leo anafunga kufuli akaenda atakako. Mimi nilipopewa talaka nilirudi na binti yangu mdogo. Mama akafariki, zamu ikawa yangu.

Mwaka huu binti huyo ameolewa, naye huko huko Kisauni.

"Tafuta mtu akae siku hiyo," kaka aliniambia kwenye simu.

Mtu gani? Mgeni ukimkalisha leo, kesho anamwambia msimamizi kwamba nyumba ni yake. Na majirani ninaowaamini wote walikuwa wanakwenda harusini. Siku yenyewe nilivaa dera jipya, mikono imekolea hina, nikafunga kufuli. Nilifika dukani pale kwenye kona, nikamkumbuka msimamizi, nikarudi nikafungua.

Alasiri, baada ya nikaha, binti yangu alivuka feri na mumewe kuja kunifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Hakuingia. Gauni lake lilikuwa pana kuliko mlango wetu.

"Twende, mama. Nafasi yako garini tumeiacha."

"Na nyumba nimwachie nani?"

Aliutazama ule udongo wa nje, akanishika mkono. "Mama, mimi sitakuja kukaa hapa. Wallahi sitakuja. Nakwambia leo usije ukaningoja."

Nilijua namlindia mtu asiyekuja, na bado miguu ilikataa kuvuka kizingiti. Akanibusu, wakaondoka. Nikavuta kiti hadi mlangoni, nikaketi na dera langu jipya, ili anayepita aone kuna mtu.