Panya wa Manjano na Neno Lisilosemwa

Habari niliipata sokoni Chepseon kwa dereva wa lori la chai, nilipokuwa nikichagua viazi. "Mwalimu," aliniambia, "yule Baba Panya wenu ametutoka. Kifua tu. Wamemzika kwao, ziwani." Nikaviacha viazi pale pale.

Msomaji asiyeishi huku atashangazwa na jina hilo. Katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai, mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Marehemu hakuwa na mwana, na kazi yake ilikuwa kuwatunza panya wa daktari Mzungu wa shamba, basi wakamwita Baba Panya, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Kwa mkewe halikuwa mzaha hata kidogo. Mimba zake ziliharibika zingali changa, moja baada ya nyingine, na pale mferejini wanawake walimchokoza: "Dada, panya wa bwana wako hawapumziki kuzaa. Si uwaulize wanakula nini?" Mama mkwe alisema ni chira, maradhi ya mtu aliyevunja mwiko, akatuma neno kwamba mvua zikikatika atakuja kumchukua amrudishe kwa wazazi wake. Mume alikuwa amekubali.

Daktari huyo alifuga panya wa rangi nyingi, lakini aliowapenda ni wa manjano, rangi ya asali mbichi. Alitaka kupata ukoo wa manjano mtupu. Haukupatikana. Kila alipompandisha jike wa manjano kwa dume wa manjano, watoto walikuwa wachache kuliko kawaida, na baadhi yao walitoka na rangi nyingine. Siku moja, mvua ya mawe ikipiga mabati hata tukasemezana kwa kupiga kelele, alimfokea mtunzaji wake, nami nilikuwepo kama mfasiri. "Wewe nasahau chakula! Toto napotea wapi?"

"Sijasahau, Bwana. Mama yao alinona, mtazame mwenyewe."

Jike huyo alikuwa amekufa asubuhi ile akiwa na mimba nyingine. Daktari akampasua. Vijusi vilipangana tumboni kama shanga katika uzi, vizima, vinono. Lakini kati yavyo palikuwa na vivimbe vidogo vyeusi, mahali ambapo kijusi kilianza kisha kikakoma. Hasira zikamtoka, akaketi, akaanza kutueleza kwa Kiingereza, nami nikafasiri polepole.

Nitawaeleza kama nilivyoelewa. Kila panya hupokea chembe mbili za urithi wa rangi, moja ya baba na moja ya mama. Chembe ya manjano, ikiwa moja tu, hupaka manyoya na panya huishi. Lakini wazazi wote wawili wakiwa wa manjano, mtoto aweza kupewa chembe hiyo na huyu na huyu. Zikikutana mbili, kijusi hufa mapema, karibu na wakati wa kujishikiza tumboni. Hatukioni kikifa. Tunaona tu kwamba watoto ni wachache. Na kwa kuwa kila wa manjano anayeishi ana chembe moja tu ya rangi hiyo, ile nyingine hurithisha rangi tofauti. Ndiyo maana ukoo mtupu hauwezekani.

Marehemu aliviinamia vile vivimbe. "Muulize, Mwalimu. Kosa ni la mama?"

Daktari akatikisa kichwa. Si la mama, si la baba.

"Na watu je?"

Akajibu kwamba mtu si panya, naye hawezi kusema juu ya mke ambaye hajampima. Ila mimba nyingi za watu pia huharibika changa, na mama hakukosa lolote.

Mvua zilipokatika, mama mkwe alifika kama alivyoahidi. Mwanawe akasimama mlangoni. "Mama, huyu haendi popote." Sababu hakuitoa. Waliishi pamoja mpaka kifo, bila mtoto.

Nilikwenda matangani. Mjane aliketi peke yake nyuma ya nyumba, nami, nikidhani namkumbusha jambo alilolijua, nikataja siku ile ya panya. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Ikabidi nimweleze yote toka mwanzo.

"Kwa hiyo alijua," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani ananihurumia. Kila mimba ilipotoka nilimwomba radhi, Mwalimu, naye alinyamaza. Angeniambia."

Najua kwa nini hakusema. Kwa watu wake mume hazungumzi na mkewe habari za tumbo lake, na ni mume gani atakayemfananisha mkewe na panya? Aliona haya, akadhani kumweka nyumbani kunatosha. Husemwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini upo pia uchungu wa asiyepata mwana, na dawa ya uchungu wa mjane huyu mumewe alikuwa nayo mdomoni miaka yote.

Ewe uliyejaliwa kuelewa jambo, lieleze nyumbani kwako kwanza, hata kama maneno yenyewe yanakuaibisha. Mjane yule alisamehewa na mumewe kosa ambalo hakulitenda, na mumewe akiwa hai hakuna aliyemwambia kwamba halikuwepo.