Walipofagia Kuelekea Kwetu

Nilipokuwa mtoto, ufagio wa nyumba yetu ulikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Usiku hufagii, utafukuza riziki. Na mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka zije habari kuwa kafika salama, maana ukifagia unazoa nyayo zake, na asiye na nyayo nyumbani hajui njia ya kurudi. Hayo tulifundishwa na Koko, bibi yangu mzaa mama, na Koko hakuwa mtu wa kubishiwa.

Baba alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa jirani. Kwetu Ngazija mwanamume akioa huhamia nyumbani kwa mke, basi akaishi nasi Moroni, kwenye kichochoro nyuma ya bandari ya zamani, akisomesha shule. Alipenda utani, na utani ndio uliomponza. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale Wazungu wenye bunduki waliokuja kuweka serikali na wasiondoke. Jioni moja bangweni, pale uwanjani wanaume wanapokaa kuzungumza, baba alisema, "Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu kaja, na mwenyeji ndiye anayeugua." Watu wakacheka sana. Kicheko kile kikafika kisikotakiwa.

Asubuhi yake walikuja kumchukua. Alikuwa hajamaliza chai. Aliniambia nimwangalizie kikombe chake, akavaa kandambili, akatoka katikati ya askari wawili.

Mama aliushika ufagio, nadhani kwa sababu mikono yake ilihitaji kushika kitu. Koko akampokonya.

"Uweke, mwanangu. Mumeo kasafiri."

"Kasafiri, mama? Kakamatwa!"

"Kasafiri," Koko akarudia, akauficha ufagio nyuma ya mlango.

Majirani hawakusubiri kuitwa. Bi Moinaesha wa nyumba ya kwanza kutoka barabarani alileta mataba, yale majani ya muhogo tunayoyapika kwa nazi. Wanaume walikwenda kambini kumuulizia baba, wakafukuzwa kwa vitako vya bunduki. Fundi wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alikusanya watu, wakasoma Halbadiri mpaka sauti zikakauka. Kila mwenye lake alilifanya, na hakuna aliyekuwa na lile moja tulilolihitaji. Walikaa sebuleni kwetu bila kututazama machoni, na mimi niliwaogopa kwa sababu hiyo.

Mwishowe Bi Moinaesha akauliza, "Koko, nyayo zake zimeishia hapa mlangoni? Kwangu hakupita?"

Tangu siku hiyo kichochoro kizima hakikufagiwa. Asiyewajua wanawake wa mtaa wetu hataelewa ukubwa wa jambo hili. Walikuwa wakifagia kabla ya jua kuchomoza, huku kila mmoja akiukagua mlango wa mwenzake kwa jicho la pembeni. Sasa maganda ya ndizi yalilala juu ya ule mchanga wetu mweusi wa volkeno, na mitaa mingine ikatusengenya ilivyopenda.

Wiki zikapita. Kisha wakaja askari kutangaza kwamba mgeni mkubwa atapita barabarani na mji lazima uwe safi. Mwenye taka mlangoni ataondoka nao. Wanawake wakatolewa nje na fagio zao, saa ileile. Mama alikaa kizingitini akalia waziwazi. Nikamtazama Koko nisikie atasema nini, naye akaketi kando ya mama.

Bi Moinaesha ndiye aliyeanza, kule barabarani baba alikotokomea. Aliinama, lakini hakufagia kutoa taka nje kama desturi. Alifagia kuja kwetu. Jirani yake akalipokea vumbi lile, akalisogeza, akampa wa mbele yake. Likaja hivyo mlango kwa mlango, mpaka likasimama rundo miguuni mwa mama.

"Nyinyi, mnafagia wapi?" askari mmoja akafoka. Alikuwa mwana wa nchi hii.

"Barabara ya mgeni wenu safi, mwanangu," Bi Moinaesha akamjibu. "Taka zetu tuachieni wenyewe."

Askari alilitazama rundo, akamtazama mama. Naamini alielewa, kwani naye alilelewa na mwanamke mwenye ufagio. Mzungu aliyewaongoza alipomuuliza kitu, alimjibu kwa Kifaransa, wakaenda zao.

Koko alilizoa vumbi lote kwa mikono, akalitia mtungini. "Sasa fagieni," akasema. "Nyayo zake ziko salama."

Baba hakurudi. Mamluki waliondoka, waliofungwa wakatoka, na hatukupata mtu aliyemwona. Mama na mimi tuliupeleka mtungi Mutsamudu kwa mama yake baba, kwa kuwa hatukuwa na kaburi la kumwonyesha. Bibi yule alilimimina vumbi ndani ya mlango wake, akakaa kando yake mpaka adhuhuri.

Leo mimi ni mtu mzima, nimesoma, na najua ufagio haumleti mtu wala haumpotezi. Ukiniuliza majirani walitusaidia nini, sina cha kukuonyesha. Bado naishi kwenye kichochoro kilekile. Mwezi uliopita mwanangu alisafiri kwenda kusoma ng'ambo, na mjukuu wa Bi Moinaesha akapita asubuhi, akaona sijafagia. Alinisalimu, akaenda zake. Kesho yake nilipofungua mlango, kwake pia palikuwa na majani.