Sahani ya Mpia

Mchanga ukipata moto ndani ya sufuria unatoa harufu yake, na sijui harufu nyingine inayonishika moyo namna ile. Si harufu ya kuungua. Ni kama ya mvua ya kwanza barabarani, ila ni kavu, na katikati yake kuna vanila na margarini kidogo. Mpaka leo, nikiwa kwangu na sufuria yangu mwenyewe, ikinipata tu narudi Mangobo, uani kwa mama, nina miaka saba na vidole vyangu vinanata sukari.

Mama yangu alikuwa anapika gato, keki za sikukuu za watoto. Tanuri hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, umeme wa kwetu ulikuja kama mgeni wa haraka: anaonyesha uso, anakunywa maji, anaondoka. Mama alichekecha mchanga wa mto, akaumwaga ndani ya sufuria kubwa, akaweka makala, yaani makaa, chini, akafunika na bati, na juu ya bati makala tena. Humo gato iliiva polepole, na mtu yeyote asiguse bati. "Gato haiogopi moto," alisema, "inaogopa macho."

Na hazikuwa gato za mviringo tu! Alimpikia mtoto wa dereva lori lenye magurudumu ya biskuti. Kwa mzee mmoja aliyezeeka akibeba watu kwa baiskeli, watoto wake waliagiza baiskeli, na mama akainyoosha usukani kwa kijiti cha ufagio. Uwanja wa mpira aliutia rangi ya kijani kwa maji ya matembele, na vijana wa timu walioagiza walipolamba nyasi, mmoja akapaza sauti: "Mama Zawadi, hii uwanja iko bien, inakosa tu chumvi na samaki!" Mimi ndiye Zawadi. Nilikuwa naota kwamba siku moja tutakuwa na duka lenye kioo mbele, na watu watasimama nje wameacha midomo wazi. Bado naota, msinicheke.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja kutoka Yahuma. Jina lake la kweli sikulijua. Kila mtu alimwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha. Watoto wake walikuwa wasichana wawili, Mbo na Mpia, kama mapacha wengi wa kwao wanavyoitwa, rika langu kabisa. Ila Mpia sikumbuki kumwona. Surua ilimchukua wakiwa na miaka miwili.

Lakini kwa Mama Mapasa, Mpia hakuondoka. Vitu vya mapacha, alisema, ni viwili viwili, awepo mmoja au wawe wote. Akishona gauni, alishona magauni mawili. Vikombe viwili, sahani mbili. Na sisi watoto tulifundishwa kwamba ukimsalimu mmoja umsalimu na mwingine, la sivyo aliyeachwa atakasirika. Kwa hiyo kila asubuhi njiani tulisema, "Bonjour Mbo, bonjour Mpia," na kwa salamu ya pili tulitazama pembeni ya Mbo, mahali pasipo na mtu. Ukifanya hivyo kila siku, ndugu zangu, pale mahali panaanza kuwa na mtu. Mimi nilikuwa napapisha, nisipakanyage.

Siku ya kuzaliwa kwao, Mama Mapasa alikuwa anaweka sahani ya mikate ya mafuta chumbani kwa ajili ya Mpia. Kesho yake aliikuta ilivyo, na sisimizi wamepita, akaibeba mpaka mtoni akaimwaga. Ndivyo miaka yote. Mwaka ule wa saba akaamua kufanya sikukuu kubwa. Alikuja kwa mama akaagiza gato ya mwanasesere: mdoli anasimamishwa katikati, na gato yenyewe inakuwa sketi yake, ya waridi, yenye mikunjo.

Hapo ndipo mama alipokosea. Mama Mapasa hakusema ngapi, kwa sababu kwake jambo hilo halikuwa na haja ya kusemwa. Na mama yangu ni mtu wa Kindu. Kwao mtoto aliyefariki anaombewa, hapikiwi. Alifikiri moyoni kwamba kumpelekea yule mama gato mbili ni kumkumbusha msiba mbele ya wageni. Basi kwa huruma yake akapika moja, kubwa sana, nzuri kuliko zote alizowahi kupika.

Mama Mapasa alipokuja kuichukua, alitazama mezani, akatazama chini ya meza.

"Na ile ingine iko wapi?"

"Ingine gani, mama?"

"Ya Mpia."

Mama Mapasa akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na pagne, kitenge chake kipya cha sikukuu. "Mama Zawadi, umepa mumoja. Sasa mwingine atakula nini? Eh? Ataangalia tu wenzake? Atamukamata Mbo, nakuambia. Wivu ya mapasa haina muchezo."

Sikuwahi kumwona mama akikimbia vile. Unga ulikuwa umebaki wa kukwangua, ukatosha kopo la tomati. Akaupika humo, akaugeuza, akaupaka sukari ya waridi iliyobaki. Ilikuwa sketi ndogo, fupi. Ila mdoli wa pili hakuwepo. Mama akazunguka ua kwa macho, na macho yake yakatua mikononi mwangu.

Nilikuwa na mdoli mmoja maishani. Alikuwa wa plastiki, mkono mmoja haupo, nywele nilimsuka mimi mwenyewe.

"Lete."

"Mama, hapana."

"Lete, Zawadi. Utapata mwingine."

Akamwosha miguu, akamchomeka. Gato kubwa ikatangulia na mama, na mimi nikaambiwa nibebe ile ndogo, nyuma yake, ndani ya beseni kichwani. Njia nzima nililia kimyakimya ili isitikisike.

Mama Mapasa aliipokea kwa mikono miwili. Akaingia nayo chumbani, nyuma ya pazia, akaiweka kwenye sahani ya Mpia, juu ya kigoda kando ya kitanda. Ukutani lilikuwa limening'inia gauni la njano, sawasawa na lile alilovaa Mbo. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mtoto wake: "Mpia, yako hii. Iko ndogo, unisamehe." Kisha akatoka akapandisha muziki.

Ua ulijaa watoto, wengine hata hawakualikwa, wamefuata harufu. Gato ikakatwa vipande vyembamba kama kadi. Ilipofika zamu yangu, tantine mmoja, shangazi yake Mbo, aliyekuwa anagawa akaficha kisu. "Weye? Mutoto ya mwenye gato? Si unakulaka gato mpaka unaota nayo? Pisha wenzako!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Nawaambia ukweli: sikuingia chumbani kwa ajili ya kula. Niliingia kumwona mdoli wangu. Alikuwa amesimama gizani kidogo, na mkono wake mmoja, ananitazama. Nikamvuta ili nimshike tu. Miguu ikatoka na sukari. Nikalamba miguu. Kisha shimo lilionekana baya katikati ya gato, nikataka kulisawazisha kwa kidole. Mnajua kidole. Nilipoinua kichwa, sahani ilikuwa tupu, na lile gauni la njano lilikuwa linatikisika ukutani, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikamwacha mdoli amelala katikati ya sahani. Sikuthubutu kumchukua. Nilitoka na kukutana na Mbo mlangoni, akaniangalia usoni akacheka: "Uko na moustache ya rose!" Nikajifuta ile sukari juu ya mdomo kwa mkono, nikakimbia nyumbani.

Kelele nilizisikia nikiwa kwetu. Mwanzoni nilidhani mtu amekufa. Halafu zikageuka vigelegele. Mama yangu akarudi amechoka, akiwa na uso nisioufahamu. "Gato ya kule chumbani," alisema, "inaonekana imeliwa. Mama Mapasa anacheza. Anasema Mpia amekuja, amekula yote, amebakisha tu poupée."

Siku tatu kila aliyepita njiani alikuwa anasimulia. Wanawake walienda kumsalimia Mama Mapasa na kumshikashika mabega, na yeye, ambaye miaka mitano alitembea amejikunja, alikuwa amenyooka kama mti wa ndizi uliokatiwa majani makavu. Na mimi nilijua kwamba Mpia alikuja, akakuta sahani tupu. Nilijua kuwa ana njaa, na kuwa anajua ni nani. Mbo alipopita asubuhi nikisema "bonjour Mpia", ule upande wake usio na mtu ulikuwa unanigeukia.

Siku ya nne nilimwambia mama, akichekecha unga.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikula."

Chekecheo likasimama. "Yote?"

"Yote."

Aliketi. Nilingoja kofi, halikuja. "Ukimwambia," alisema polepole, "utakuwa umemuzika mutoto wake tena. Usipomwambia, uongo huu utakaa naye ndani ya nyumba yake kila siku. Mimi sijui, mutoto wangu. Gato najua. Hii sijui." Akaendelea kuchekecha, kisha akasema tena, "Enda tu. Ukifika ku mulango, mudomo utajua wenyewe."

Nikaenda. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna mahali pa kujificha. Mama Mapasa alikuwa anafua uani, na mikononi mwake lilikuwa lile gauni la njano. Nguo za Mpia hazikuwahi kufuliwa, kwa sababu hazikuwahi kuvaliwa. Alikuwa anafua ile moja taratibu, pale kifuani, mahali ambapo mtoto anamwagikiwa na chakula. Alikuwa anaimba.

"Mama Mapasa, bonjour."

"Bonjour, Zawadi."

Nikasimama. Mdomo haukujua kitu. Nilianza, "Ile gato...", nikaishia hapo, machozi yakanitangulia. Aliacha kuimba. Alinitazama muda mrefu, kuanzia miguu mpaka kichwa, kama fundi wa nguo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Ilikuwa tamu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bon." Akakamua gauni. "Mwaka ingine nitaambia mama yako aongeze unga. Ile ilikuwa kidogo."

Hakusema zaidi, na mimi sikusema kwa mtu. Mwaka uliofuata zilipikwa gato mbili zenye umbo la samaki, sawa kwa sawa, magamba yake ya karanga. Mama Mapasa mwenyewe alinijia katikati ya sikukuu, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya pazia. Aliketi kitandani, mimi juu ya kigoda. Nilikula. Yeye hakula, alitazama tu namna ninavyotafuna. Nje watoto walipiga kelele, ndani ilikuwa kimya, na tulipotoka sahani ilikuwa tupu, na wanawake walipiga vigelegele. Tulifanya hivyo miaka minne. Mara ya tatu, nilipokuwa napangusa mdomo, alisema, "Mpia, kunywa maji." Nami nikasema, "Ndiyo, mama." Maji yalishuka baridi, nikasikia kama yanashuka ndani ya mtu mwingine.

Mwaka wa mwisho, kabla hawajapanda baleinière, boti kubwa ya mtoni, kurudi Yahuma, alinijaribisha gauni la upande wa pili, lile la Mpia, la buluu. Hakuwahi kunipima. Lilinikaa begani, kiunoni, kwenye magoti, kana kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya cherehani yake miaka yote. Akanivua, akalitundika ukutani.

Utotoni nilidhani tulikuwa tunadanganya watu, na nikaogopa adhabu. Sasa mimi mwenyewe napika gato, na akina mama wanakuja kwangu na mioyo yao mkononi wakisema wanataka gari, wanataka kipepeo, wanataka herufi za jina. Nimeelewa kwamba siku ile ya gauni la njano hakukuwa na uongo wa kuvunja. Mama Mapasa alijua tangu alipomwona mdoli kwenye sahani. Hakutafuta nani amekula. Miaka mitano alikuwa amebeba chakula cha mtoto wake mpaka mtoni, na alitaka, mara moja tu, kuosha sahani iliyoliwa. Na alipompata mtoto wa rika lile, mwenye njaa, aliweza kuona Mpia angekuwa mrefu kiasi gani.

Hilo nimelielewa. Jingine sijalielewa, na labda sitalielewa. Juzi nilikuwa sokoni nachagua mayai, moja moja nikiyainua juani nione ndani. Mwanamke mmoja nisiyemjua, nyuma kabisa kwenye msongamano, akamwita mtoto wake: "Mpia! We Mpia!"

Niliitika kabla sijageuka.