Anayeuamkia Mfuko wa Damu

Bibi wa kitanda cha dirishani hutoka Magindu kila baada ya wiki kadhaa, viganja vyeupe kama muhogo uliomenywa. Saratani inammaliza damu, hivyo huja kuongezewa. Nesi Faudhia akishautundika mfuko, bibi huweka ushungi sawa, huuinulia macho na kusema kwa adabu zote, "Shikamoo." Kisha husubiri. "Mwenyewe simjui," alinieleza mimi, jirani yake wa kitanda cha pili. "Kama ni mkubwa wangu je? Damu yake iniingie mwilini bila salamu, itanionaje?" Ana miaka sabini na nane. Tone la kwanza likidondoka huhesabu ameitikiwa, halafu kazi yake ni kulinganisha viganja vyake na vyangu. "Wewe bado mweupe," huniambia, na furaha haifichi.

Juzi aliletwa amebebwa na wanawe wawili, hana pumzi hata ya kulalamika. Mfuko ulipotundikwa, shikamoo ilimtoka hivyo hivyo, nusunusu. Nesi akashindwa kuvumilia. "Bibi, damu ya hapa karibu yote hutoa wanafunzi wa kidato cha sita. Aliyetoa huu ni mjukuu wako kabisa!" Bibi akaukodolea macho mfuko, mtu aliyeamkia watoto miezi minane mizima. Nikajua atasonya. Mfuko ukafika nusu na midomo yake ikaanza kupata rangi. Ndipo akauinulia uso.

"Haya, marahaba, mjukuu wangu," akauambia. "Walipokutoa damu, soda walikupa?"