Mkono wa Bi Duha

Bi Duha wa Kibokoni hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema, kwa sababu nitakayoyaeleza yatamfanya aonekane mwongo, na mimi Mwanaesha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye niliyemsaidia.

Mwaka wa tisini na sita vidole vyake vilianza kukakamaa kwa baridi yabisi. Kupika wali aliweza, kufagia aliweza. Kukanda unga ndiko kulikomtoa machozi. Na mwanawe Amin, aliyefanya kazi bandarini na kukaa Tudor na mkewe, alikwisha kusema: siku mama atakaposhindwa kumpikia boflo, mkate wake wa kila Ijumaa, ndiyo siku atakayomhamishia kwake. Alisema kwa mapenzi, maskini. Lakini kwake ni ghorofa ya tatu, mlango umefungwa kutwa, hakuna apitaye akabisha hodi. Bi Duha aliingia nyumba yake ya Kibokoni bibi arusi, na alitaka atolewe humo maiti.

"Mwambie mwanao," nikamwambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo sikiogopi mimi, Mwanaesha. Naogopa Tudor."

Basi tukaenda Makadara, kwenye duka la vyombo vya umeme vya Dubai, tukaulizia mashine ya mkate. Zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa na vitufe chungu nzima, na mwenye duka akaisifu mpaka mate yakamkauka. Bi Duha akauliza neno moja tu: "Yapiga kelele?" Kichochoro chetu hakina siri. Mwenye duka akaziwasha zote mbili zikazunguka tupu, nasi tukazitegea masikio kama daktari asikilizaye kifua. Tukachukua ndogo, iliyokoroma taratibu.

Mkate wa kwanza ulifura ukagandamana na kifuniko, kwa kuwa alipima unga kwa kikombe cha chai badala ya kile kidogo kilichokuja na mashine. Nilicheka, akaninunia siku mbili. Wa tatu ulitoka laini, unanukia iliki. Aibu yake moja tu: chini una tundu. Ndani ya sufuria ya mashine mna kijembe cha chuma kinachozunguka kukanda unga, na mkate ukitolewa, pale kilipokuwa hubaki shimo. Mimi hodari wa vijembe vya mdomo, lakini hicho cha chuma sikukijulia dawa. Bi Duha akawa anaukata mkate jikoni kabla Amin hajafika, na Amin akala miezi minne akiusifu mkono wa mamake.

Hadi Ijumaa aliyokuja na haraka. Mkewe Badria alikuwa na homa, akataka kumpelekea. Hakungoja kukatiwa. Alilibeba boflo zima, la moto, ndani ya kitambaa, akaenda zake.

Bi Duha alipoosha sufuria ndipo alipoona kijembe hakimo. Kimeondoka na mkate. Mashine bila hicho ni ndoo tu. Jumatano nikamkuta akikunja nguo zake kitandani, ananiambia nichague sufuria niitakayo. Nililia, sioni haya kusema.

Ijumaa Amin akaja, meza tupu. Akamwamkia mamake, akambusu mkono, kisha hakuuachia. Alivitazama vile vidole kimoja kimoja. Halafu akatoa mfukoni mwa kanzu kikaratasi, akakikunjua. Kijembe, kimeoshwa, kinang'aa.

"Mama," akasema, "mkono wako uliuwata kwangu, ukausahau."

Nikangoja Bi Duha aombe radhi. Thubutu!

"Ndio maana huoni boflo," akasema. "Ningekanda na nini, na mkono u kwako?"

Amin akacheka mpaka akajifuta macho. Tudor hakuitaja, siku ile wala baadaye. Alivua kofia, akaingia jikoni na kijembe chake, akauliza unga hupimwa kwa kikombe kipi.

"Kile kidogo," nikamjibu mimi.