Mkanda Mmoja wa Bibi

Mji wa Moshi umejaa wapiga picha ambao hawajawahi kukaa darasani kujifunza kazi yao. Mimi nimekaa. Stashahada yangu niliipata Ulaya, kwa ada niliyoichuma mwenyewe nikiosha vyombo hotelini, na nimeitundika sebuleni ili mgeni aione kabla hajavua viatu.

Niliporudi, bibi yangu wa Kilema aliniita. Alitaka picha ya kubebwa mbele ya jeneza lake. Hakuwa anaumwa, aliogopa tu yaliyompata dada yake, ambaye picha yake ya msiba ilitengenezwa na mtoto wa baba yangu mkubwa, mwenye studio Kiboriloni. Kitambaa chake cheupe cha kichwani kiliwaka kama taa, na chini yake palikuwa na shimo jeusi lisilo na pua wala macho.

"Tulizika kitambaa," bibi alisema. "Mimi nataka uso wangu. Nitakaa mara moja, mkanda mmoja. Ukiuharibu, nizikeni bila picha."

Vifaa vyangu vya kusafishia picha vilikuwa bado bandarini, kwa hiyo nililazimika kusafishia mkanda kwa huyo huyo bingwa wa mashimo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, profesa! Chukua mkanda wa mia nne, unadaka mwanga haraka, hata mawingu yakishuka unapiga. Halafu dawa kali, uache uive."

"Kwani picha ni ndizi za pombe ya mbege?"

Wateja wake walicheka. Yeye, kama wenzake wote wa mjini hapa, huinua negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, dirishani, na ikiwa nyeusi tii anasema imeiva. Kwenye negativu, kitambaa cheupe ndicho kinachogeuka cheusi. Ukikiivisha hivyo, mwanga wa skana haupenyi, na kompyuta haina cha kusoma. Na mkanda wa mia nne ukikuzwa huonyesha chembe kama pumba za mahindi. Haya ni mambo ya muhula wa kwanza. Kumweleza ni kumpigia mbuzi gitaa.

Nilichagua mkanda wa mia moja, wenye chembe laini. Nilimketisha bibi kwenye kivuli cha migomba, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, nikaupa mkanda mwanga wa ziada kidogo ili ngozi yake isizame gizani. Bibi alilalamika kwamba hata kanisani hajawahi kutulia namna ile. Kisha, kule studioni Kiboriloni, nikachukua dawa laini, nikaizimua zaidi ya kawaida, na nikautoa mkanda mapema, kaka yangu akiwa amesimama nyuma yangu akisikitika kwa sauti.

Ulipokauka, aliuinua dirishani.

"Jamani, njooni muone! Maji matupu! Kweli huko Ulaya uliosha vyombo."

Walicheka tena. Bibi, niliyekuja naye, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, na yeye hakucheka. Niliweka negativu kwenye skana.

Uso ulitokea kwanza kwenye kioo cha kompyuta: mikunjo, macho makali, kovu dogo la shavuni ambalo studio za mjini zimekuwa zikilimeza miaka yote. Kisha kitambaa cheupe, na juu yake uzi mweupe wa msalaba alioudarizi marehemu dada yake, mshono kwa mshono. Wateja walisogea. Kaka yangu alikohoa.

"Si mbaya. Sasa ikoleze kidogo, weusi uwe weusi."

Watu wa aina hii hata ukiwawekea ukweli mezani watauliza chumvi iko wapi.

Bibi aliinama karibu na kioo, akagusa kovu lake pale, halafu shavuni mwake.

"Huyu namjua," alisema.

Nilimchapishia picha kubwa, nikaipeleka Kilema ikiwa ndani ya fremu. Aliitundika mwenyewe juu ya kabati, ikitazama ukuta.

"Bibi, umeigeuza."

"Najua. Bado sijafa."